Bati la Kuuliza

“Kwa hiyo mahindi yafe,” Nakunda alisema. “Sema tu, mama. Sema yafe, nikawaambie.”

“Sijasema yafe. Nimesema lango la Kirimeni limefungwa na mtambo, na mtambo umelifunga kwa sababu hamkuja msaragambo kuzibua mifereji. Kijiji kizima, hata jembe moja halikuonekana. Ulitaka mtambo ufanye nini, uwabembeleze?”

“Nilitaka wewe ufanye kitu.”

“Kazi yangu ni kupaka mafuta na kukagua meno ya magurudumu. Rudi nyuma ya mawe.”

Hakurudi. Alisimama na kidole gumba cha mguu juu ya jiwe lililopakwa chokaa, makusudi, kama alivyozoea kufanya utotoni nikimwambia asikanyage nilipodeki. Mawe yale yanazunguka kituo chote. Ndani ya duara niko mimi, mtambo, na ukingo wa ndiva, bwawa letu linalojaa usiku na kugawanywa adhuhuri. Nje ya duara wako watu wengine wote. Sheria ni fupi: mtunza mtambo hatembelewi, hapokei zawadi, hali na mtu, wala hamwulizi mtu kwa nini. Hilo la mwisho ndilo linalomshinda mama yeyote.

“Mahindi yametoa mbelewele,” alisema. “Tangawizi imeanza kukunjika majani. Mpaka msaragambo mwingine upigwe, tutakuwa tunavuna kuni.”

“Najua. Naona kutoka hapa.”

“Unaona. Basi ukiona unajisikiaje?”

“Najisikia mtu ambaye binti yake amekanyaga jiwe.”

Aliniangalia kwa macho ambayo sikuyafahamu. Amekuwa mtu mzima mimi nikiwa humu ndani. Aliolewa nikiwa humu. Ngoma ya harusi yake niliisikia kutoka huku juu, na jioni ile nikaletewa chakula changu juu ya jiwe, kama kawaida: vyungu vya vijiji vitatu vikiwa vimemwagwa katika sufuria moja ili nisijue kimepikwa na mkono wa nani. Makande juu ya ndizi juu ya ugali. Nilikula pilau ya harusi ya mwanangu ikiwa imelowa mchuzi wa dagaa. Mtoto wake, Mbazi, nilionyeshwa kwa mbali. Nakunda alimwinua juu ya mwamba mmoja kule bondeni, kitu kidogo chekundu ndani ya kanga, nami nikapunga mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

“Hamkuja,” nilirudia, kwa sauti ya chini sasa.

“Hatukuja.”

Swali lilikuwa mdomoni mwangu, na ndilo lile nisiloruhusiwa. Jibu lilikuwa kooni mwake, nililiona. Alitazama maji ya bwawa, akalimeza.

Ndipo upepo ulipoinuka kutoka bondeni ukamvua kanga. Alikuwa amenyolewa. Kichwa kizima, hata kisogoni, na ngozi ilikuwa bado nyeupe nyeupe ambapo wembe ulipita.

Akajifunika haraka. Huku kwetu kando ya maji hatutaji kifo cha mtu. Maji husikia, na yakisikia hukimbia. Ndivyo tulivyolelewa, aliyesoma na asiyesoma.

“Kaa pale,” nilimwambia. “Nje ya mawe. Usiondoke.”

*

Niueleze mtambo, maana bila huo hakuna kinachoeleweka.

Mwako wa jua ulipounguza kila kifaa kinachofikiri, simu, kompyuta, hata mizani za dukani, watu wa milima hii walirudia majembe, na baada ya majembe wakarudia ugomvi. Ugomvi wetu ni wa maji. Zamani mzee wa ndiva alikuwa anagawa kwa kichwa chake, na watu walimwamini. Ndipo ukaja ukame wa miaka mitatu, ukaumaliza uaminifu. Kila mzee aliyegawa alionekana amependelea ukoo wake, na wengine kweli walipendelea. Watu walipigana kwa majembe pale pale ukingoni.

Wahunzi wa ukoo wa Mshana ndio waliosema: tutengeneze kitu kisicho na ukoo. Walijua chuma, na mimi nilijua hesabu. Nina stashahada ya takwimu, na chuoni mwalimu wetu mmoja alipenda mno historia; wenzangu walisinzia, mimi niliandika. Alitufundisha kwamba kompyuta haikuanza na umeme. Ilianza na kitanda cha kufumia nguo, ambapo kadi zenye matundu ziliziambia nyuzi zipi zipande na zipi zishuke. Baadaye watu wakahesabiwa kwa kadi za matundu, nchi nzima. Na kabla ya hapo, hesabu ndefu zilifanywa na watu waliokaa kwa safu, kila mmoja akijua hatua yake moja tu, akifanya na kumpa wa pembeni, bila kujua mwisho wa hesabu ni nini.

Kadi tulikosa. Tulikata mabati ya mapaa.

Kila bati ni hatua moja. Mabati yameunganishwa kwa waya kuwa mnyororo, na mnyororo unapita juu ya pipa linalozungushwa na gurudumu la maji. Sindano ndefu zinashuka juu ya kila bati. Penye tundu, sindano inapita. Pasipo tundu, inasukumwa, nayo inasukuma kitu kingine. Ni hivyo tu: ndiyo na siyo, moja baada ya nyingine. Siku ya msaragambo, mbiu ikipigwa na watu wakaja kuzibua mifereji, kila nyumba inadondosha kigingi chake katika bomba lake la mwanzi, na gurudumu la nyumba hiyo linasogea jino moja mbele. Usipokuja, linarudi nyuma. Adhuhuri mtambo unajumlisha magurudumu, unalinganisha vijiji, unavuta minyororo ya malango. Tangu uanze, hakuna aliyepigwa jembe. Vijiji vitatu, Kirimeni, Ndolwa na Lambo, vinasalimiana tena. Hilo si jambo dogo, na sitaki mtu aniambie ni jambo dogo.

Ili tuyakate mabati, wazee walikaa na sisi wiki nyingi kututajia sheria. Nilikuwa mkali. Niliwaambia mtambo ni mjinga kuliko mtoto, usilouambia hauna. Mgonjwa je? Kuna bati. Mjamzito? Kuna bati. Aliyesafiri, mzee asiyejiweza, mwenye ng'ombe anayezaa siku hiyo hiyo? Yote tuliyakata. Tulifikiri tumemaliza.

Kikao kilikaa hapa, ukingoni mwa ndiva, kama desturi. Na kwa hiyo hakuna aliyetaja msiba. Nani angeutaja kando ya maji? Enzi za wazee hakukuwa na haja. Nyumba yenye msiba haigusi jembe mpaka kaburi lipoe, kila mtu anajua, na mzee wa ndiva alikuwa anaiona nafasi yao iko wazi, anatazama pembeni, anawapa maji yao. Lilikuwa jambo linalofanywa kwa kutazama pembeni. Mtambo hauna pembeni.

Kijiji kizima hakikuja. Ina maana haikuwa nyumba moja iliyonyolewa.

*

Fundi Eliamini Mshana alinikuta nimekaa sakafuni na mkasi wa bati mapajani. Yeye huja kukagua vyuma, na kwa sheria tunaruhusiwa kuzungumza chuma tu. Kwa miaka yote hii tumejitahidi. Akisema gurudumu la juu limenuna tangu juzi, najua amegombana na mkewe. Nikisema sindano zinashika kutu kwa kukaa bure, hukaa kunisaidia kuzifuta ingawa hazina kutu.

“Nataka bati moja,” nilimwambia.

“Lipi limeliwa na kutu?”

“Hakuna lililoliwa. Jipya. Halijawahi kuwepo.”

Akaweka kopo la mafuta chini taratibu. “Mama Nakunda, hayo si mazungumzo ya chuma.”

“Bati ni chuma.”

“Usinichezee.” Alichungulia nje, akamwona Nakunda amekaa nyuma ya mawe, kanga imebanwa kichwani. Akashusha pumzi. “Amekuja.”

“Wewe ulikuwa unajua.”

“Ndolwa nzima inajua. Homa iliingia Kirimeni kama moshi. Tuliwasikia usiku.”

“Na maji yao yaliposhuka kwenu?”

“Tuliyapokea.” Alisema bila aibu, kisha aibu ikamfuata. “Mtambo ndio uliotupa. Hatukuiba. Ingekuwa mzee wa ndiva ametupa, tungemuuliza. Sasa mtambo utauulizaje?”

Hapo ndipo nilipoona tulichokitengeneza. Tulitaka kitu kisicho na ukoo, tukapata pia kitu kinachomfanya kila mtu asiwe na kosa. Mahindi ya waliofiwa yanakauka, majirani wanamwagilia maharage kwa maji yao, na hakuna mwenye dhambi hata mmoja mlima mzima. Mimi pia. Nilikuwa nimepaka mafuta tu.

Eliamini alikaa kwenye kigoda. “Sikiliza. Unataka kuwasaidia, wasaidie. Kata vigingi vyao, vidondoshe bombani, mtambo uone walikuja. Mimi nitakuwa nyuma nafuta sindano. Kesho watakuwa na maji, na mdomo wangu umefungwa.”

“Hawakuja, fundi. Nikidondosha kigingi nimesema uongo.”

“Uongo mzuri.”

“Leo mzuri. Na kesho akija mtunza mwingine mwenye shemeji Lambo? Mkono ukishajua njia ya kuingia humu, haumwulizi mtu ruhusa.”

“Basi acha kabisa.” Sauti yake ilibadilika. “Kaka yangu alipigwa jembe hapa, hatua chache tu kutoka ulipokaa, kwa zamu ya maharage. Hakuinuka. Aliyempiga ananisalimia sasa, namsalimia, kwa sababu ya haya mabati. Watu wanayaamini kwa kuwa hakuna anayeyagusa. Na wewe ukiyagusa, wa kwanza kunufaika ni binti yako. Utawaambia nini?”

Swali lilikuwa la haki. Nilikuwa nimekaa nalo tangu asubuhi. Nikiacha, kijiji cha waliofiwa kitalala njaa kwa kosa la kuzika. Nikigusa, naifungulia njia vita iliyomla kaka yake. Na lipo jambo la tatu lililonisumbua kuliko hayo mawili: sikuweza kujua kama ningelala macho kwa ajili ya Kirimeni laiti Nakunda angekuwa ameolewa Lambo.

“Umemwuliza ni nani aliyewatoka?” alisema Eliamini, polepole, akielekeza kidevu nje.

“Bado.”

“Mwanao mwenyewe, hujamwuliza?”

“Nikijua kabla sijakata, bati litakuwa la huyo mtu. Nataka liwe la wote. Ngoja likatwe, ndipo nijue.”

Alikuwa anajua ni nani. Ilikuwa usoni mwake, na nikageuza macho yangu upande mwingine nisiusome.

*

Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine la chuoni. Yule msomi wa Baghdad wa kale, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, yaani hesabu ya hatua kwa hatua, sehemu kubwa ya hesabu zake ilikuwa kugawa mirathi. Mtu ameacha mke, mama na watoto. Nani apate nini. Mwalimu alipita hapo haraka. Lakini mtu anayegawa mirathi hawezi kuanza hesabu bila kwanza kupita mlangoni na kuuliza nani hayupo. Hatua ya kwanza ilikuwa mguu.

“Mtambo hauwezi kuuliza,” Eliamini alisema nilipomweleza.

“Ila unaweza kusimama. Bati langu litakaa baada ya hesabu ya kila nyumba. Nyumba ikiwa haikuja, sindano inasukuma komeo la mhimili, mtambo unasimama hapo hapo. Kuuliza nitauliza mimi, kwa miguu yangu, mlangoni kwao. Nikirudi na jibu, nalitia kwa mkono, mbele ya yeyote anayetaka kutazama.”

“Na malango?”

“Yanabaki yamefungwa mpaka jibu lirudi.”

“La Kirimeni.”

“Yote.”

“Hata la Ndolwa?”

“Hata la Ndolwa.”

“Hapo umeniudhi,” alisema, na akawa kweli ameudhika. “Watu watajifanya. Mvivu yeyote atasema ana matatizo nyumbani. Yule Kalage wetu peke yake, bibi yake atakuwa ameshatutoka mara nne kabla ya mavuno.”

“Nitakwenda kumsalimia bibi. Akinikaribisha chai, nitarudi na jibu la Kalage.”

Alijaribu kutocheka. “Kubadili bati ni kazi ya baraza la vijiji vitatu. Baraza linakaa baada ya mavuno.”

“Kirimeni hawatakuwa na mavuno. Nitalijibu baraza. Nitasema nilikata mimi, mchana, mlango wazi. Wakinitoa, wanitoe, bati watalikuta limeshakaa, na atakayetaka kuling'oa itabidi asimame mbele ya watu aseme hataki majirani zake waulizwe hali.”

“Na mtunza haulizi mtu kwa nini. Hiyo ndiyo sheria kuu.”

“Ndiyo ninayoivunja. Nipe chuma cha kutobolea.”

Alitazama magurudumu ambayo baba yake alifua. Kisha akakitoa mfukoni, akakipangusa kwenye suruali, akanipa.

*

Sikukatia ndani. Nililitoa bati mpaka kwenye jiwe bapa mbele ya mlango, mahali ninapowekewa chakula, nikalikata pale na kulitoboa kwa nyundo. Sauti ya bati husafiri. Chini kwenye mifereji ya Ndolwa niliona wanawake wakinyoosha migongo, wakitazama juu. Nakunda alisimama. Sikumwambia kitu. Nilipiga tundu la mwisho, nikasawazisha kingo, nikaingia na kulifunga kwa waya mahali pake. Eliamini alivuta waya kuhakikisha limekaza. Fundo lilikuwa zuri.

Kivuli cha nguzo kilipofika kwenye alama ya adhuhuri, nikafungua maji ya gurudumu.

Mtambo ulianza kama kila siku. Mabati ya Lambo yalipita, kila nyumba imekuja. Ya Ndolwa yakapita. Ukafika Kirimeni, nyumba ya kwanza. Nyumba ya kwanza kwenye mnyororo ni ile iliyo juu kabisa mferejini, nayo ni ya Nakunda na mumewe Kiondo. Mlima ndio uliopanga hivyo. Sindano zikashuka. Komeo likaruka. Kila kitu kikasimama.

Sikuwa nimejua jinsi nilivyoutegemea ule mlio. Kwa miaka ilikuwa ndiyo sauti pekee humu ndani isiyo yangu. Nililala nayo, niliijibu nikiwa napaka mafuta, wakati mwingine niliitukana kama mtu anavyomtukana mume. Sasa palikuwa na maji tu yanayogonga mbao zisizosogea, na kule chini mtu wa kwanza ameshaanza kuita kuuliza kuna nini.

“Nitakaa hapa,” Eliamini alisema. “Wa kwetu wakija na majembe, nitawaambia haujaharibika, unangoja. Nenda. Lakini usinywe chai kila nyumba.”

Nilitoka. Nilipofika kwenye mawe miguu ilitaka kusimama yenyewe, kwa mazoea, kama ya ng'ombe penye kamba iliyokatika. Nikavuka.

Nakunda alirudi nyuma kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Hatukuwa tumesimama karibu namna ile tangu akiwa msichana. Alikuwa amenipita kwa urefu.

“Unaenda wapi?”

“Nyumbani kwako. Kuuliza.”

“Niulize hapa.”

“Hapa kuna maji.”

Tukateremka. Aliongoza, nami nilifuata kisogo chake kilichofunikwa. Tulipita bomba la mwisho, tukapita mahali mfereji unapogawanyika, mpaka penye migomba ambapo sauti ya ndiva haisikiki tena hata ukitega sikio. Nikatega sikio. Kisha nikamshika mkono, kwa sababu sikuona sheria yoyote iliyobaki ya kunizuia, na nikauliza kama nilivyopanga kuuliza kila mlango.

“Nyumba ya Kiondo na Nakunda. Hamkuja msaragambo. Kwa nini?”

“Tulikuwa tunamzika Mbazi.”

Alisema wazi, kama mtu anayejibu mtunza. Halafu akaniangalia kama anayemtazama mama yake. Tulikaa chini pale pale kwenye majani makavu ya migomba. Nilimlaza kichwa kwenye paja langu, kichwa kile kilichonyolewa, kilichokuwa na joto la jua. Nilijaribu kuikumbuka sura ya mjukuu wangu nikapata rangi ya kanga tu.

Huko juu watu walikuwa wanaitana, kijiji kwa kijiji. Sikuinuka mpaka alipoinuka yeye.

Alijipangusa uso kwa pindo la kanga. Kirimeni ilikuwa bado na nyumba nyingine, na maji ya mlima mzima yalikuwa yamesimama yakingoja majibu. Nikamwambia anipeleke nyumba ya pili, kwa sababu sikuijua njia.